Jiko la presha la umeme la lita 6: makande na mtori siku ya kazi, baridi ya Arusha

Nianze na jibu, maana najua wengi mnataka kujua kama kweli jiko la presha la umeme linafaa. Linafaa. Mimi nafunga kibanda changu Kilombero giza likiingia, napanda daladala ya Moshono, nafika nyumbani saa moja watoto wana njaa. Sijanunua chombo cha jikoni kilichonisaidia kuliko hiki, hasa mwezi wa sita mpaka wa nane.

Miezi hiyo wa Arusha tunaijua. Ukungu unashuka kutoka Meru, jua linaweza lisionekane tangu asubuhi, sweta halivuliwi hata ndani ya nyumba, na usiku nyuzi joto zinashuka mpaka 12 au chini yake. Mwili unadai chakula kizito cha moto. Na vyakula vizito vya huku kwetu, makande, mtori, kiburu cha ndizi na maharage, supu ya mifupa, vyote vinataka saa mbili tatu jikoni. Ndiyo maana siku za kazi nyumba nyingi zinaangukia kwenye wali na mayai au tambi, makande yanasubiri Jumamosi. Nilikuwa naumia kuona chakula kinachofaa zaidi kwa baridi ndicho hatukipati jioni tunazokihitaji zaidi.

Nilichonunua ni jiko la presha la umeme, lita 6, wati 1,000, la Kichina, shilingi 185,000 baada ya kuvutana sana na muuzaji. Yapo ya bei ya chini. Nililipendea hili sufuria yake ya ndani, ambayo ni ya chuma cha pua. Mengi yana sufuria nyeusi ile isiyogandisha, na mimi nikiangalia mifupa ninayopika na mwiko ninaopondea ndizi, najua ule weusi usingedumu.

Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi, na kwa watu wa Arusha ndilo lenye uzito. Tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, mgandamizo wa hewa unapungua na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa kwetu kwenye 95 hivi. Chochea mkaa utakavyo, sufuria ya kawaida haivuki hapo, maji yanakauka tu. Dada yangu wa Dar akija kupika maharage kwangu huwa anadhani nimeuziwa ya mwaka juzi. Jiko la presha linafungia mvuke ndani, mgandamizo unapanda, na maji yanafika nyuzi 110 na zaidi kidogo. Kwa hiyo faida tunayoipata sisi wa mlimani ni kubwa kuliko ya mtu wa pwani, kwa jiko lile lile na bei ile ile.

Sasa makande, maana ndiyo niliyolinunulia. Asubuhi kabla sijatoka naloweka mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharage. Napenda soya njano, au Lyamungo yakiwepo sokoni. Jioni namwaga maji ya kulowekea, naosha, natia kwenye jiko na maji mapya yanayozidi nafaka kwa vidole viwili. Sijazi kupita nusu ya sufuria, na hili naomba mlishike: maharage yanatoa povu, na povu likipanda linaziba tundu la mvuke. Nafunga mfuniko, nageuza kizibo cha mvuke kifunge, nabonyeza dakika 40. Hizo dakika 40 hazianzi hapo hapo. Jiko linachukua kama robo saa kupata presha kwanza, ndipo kile kipini kidogo cha juu kinaruka na kuziba, kelele ya mvuke inakatika, na dakika zinaanza kuhesabika. Wanaotangaza huwa wanairuka hiyo robo saa.

Wakati huo nimewaogesha watoto, nimekagua daftari, nimekaa. Huo muda wa kukaa kwangu una thamani kuliko hata umeme ninaookoa. Hakuna kuchungulia, hakuna kuongeza maji, hakuna harufu ya kuungua ikakutoa bafuni mbio.

Likimaliza nasubiri dakika kumi presha ishuke yenyewe. Ukifungua kizibo haraka kwenye makande, uji wa maharage unaruka mpaka ukutani. Ukifunua, mahindi yamechanua kama maua na bado unayatafuna, maharage yamepasuka ganda lakini hayajavurugika, na mchuzi umeshakuwa mzito wenyewe. Pembeni kwenye gesi ninakuwa nimekaanga kitunguu, karoti, hoho na nyanya, namimina humo na kikombe cha tui au karanga zilizosagwa, chumvi mwisho. Dakika tano vichemke pamoja. Tunakula na parachichi lililokatwa vipande juu, na saa mbili na nusu sahani zimeshaoshwa. Mahindi yakibaki bila kuungwa, kesho yake yanapozwa na kuchanganywa na maziwa mgando, nyumba imepata loshoro.

Mtori ulikuwa mtihani mgumu zaidi, kwa sababu mama mkwe wangu ni wa Machame na alikuwa kwetu kwa ajili ya kliniki ya magoti. Nilitia nyama ya kidari yenye mifupa, kitunguu, chumvi kidogo, maji ya kuifunika tu nyama, dakika 25. Nikatoa presha, nikaongeza ndizi mshare zilizomenywa na kuoshwa utomvu, dakika nane. Nikatoa mifupa, nikaponda humo humo, nikamalizia kwa maziwa na kijiko cha siagi. Mama alikuwa amekaa mlangoni na shuka lake mabegani.

"Mama Neema, ndizi hizi umezianza saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, mama. Nyama ndiyo ilitangulia."

Akaitazama saa ya ukutani. Akaonja, akaonja tena.

"Nyama imeachia mfupa, hapo sina neno. Ila ponda zaidi, mwanangu, kuna mabonge. Na umeujaza maji."

Alikuwa sahihi, na ndiyo somo la jiko lenyewe: mvuke hautoki, kwa hiyo maji unayotia ndiyo utakayoyakuta. Mtori wa sufuria unapungukiwa maji kidogo kidogo kwa saa nzima, huu haupungukiwi. Tangu hapo natia maji robo pungufu ya nilivyozoea, na mama anaomba bakuli la pili. Kwa mama aliyetoka kujifungua wakati wa baridi, ambaye mtori ni wa kila siku, jiko hili lingekuwa zawadi bora kuliko vitenge.

Supu ya kuku wa kienyeji inataka nusu saa. Kiburu kinatoka vizuri ukitanguliza maharage. Nyama ya mbuzi haina shida.

Kuhusu umeme, watu wanaogopa sana, na nilikuwa nasikia wanasema majiko ya umeme yanakula Luku. Nimeangalia namba kwenye mita kabla na baada ya makande: haifiki nusu yuniti. Sababu yake ni kwamba wati 1,000 haziwaki muda wote. Jiko likishapata presha linazima lenyewe, linawaka kidogo tu joto likitaka kushuka. Sisi tulio kwenye bei ya kawaida, yuniti moja pamoja na kodi ni shilingi 356 hivi, kwa hiyo makande ya watu sita yanaiva kwa shilingi 180 au pungufu. Mkaa wa kuivisha makande yale yale ulikuwa haunitoshi wa elfu moja. Ila kama uko kwenye daraja la matumizi madogo, lile lisiloruhusu kuzidi yuniti 75 kwa mwezi, piga hesabu yako vizuri. Kupika kila jioni kunaweza kuongeza yuniti 12 au zaidi, na ukivuka mstari unapandishwa bei.

Tangu Serikali izindue mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ule unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034, mtaani mazungumzo mengi ni ya mitungi ya gesi. Gesi ninayo na naipenda kwa chai, mayai na kuunga. Lakini kuchemshia maharage saa mbili kwenye gesi ni kuchoma hela, na ndiyo sababu nyumba nyingi zenye mtungi bado zina jiko la mkaa nyuma ya nyumba. Jiko la presha ndilo lililoliondoa la mkaa kwangu. Usiku wa baridi hilo si dogo, maana tulikuwa tunaingiza mkaa ndani ili kuota moto, madirisha yamefungwa, na hewa ya mkaa inaua watu wakiwa wamelala.

Yasiyonifurahisha yapo. Ugali halipiki, usijaribu. Kwa watu zaidi ya saba lita 6 ni ndogo, kwa sababu ya ile nusu niliyoitaja. Umeme ukikatika katikati, la kwangu linasahau kila kitu na inabidi ulipange upya, ingawa chakula kinaendelea kuiva kwa joto lililobaki muda mfuniko haujafunguliwa. Lina kitufe cha kupika taratibu kwa saa nyingi bila presha. Msikitumie kwa maharage mekundu yale makubwa, kwa sababu joto lake haliui sumu iliyomo kwenye maharage mabichi, na mtu anaweza kutapika usiku kucha.

Kero kubwa ni mpira wa mfuniko. Unashika harufu: ukipika supu ya mbuzi leo, kesho wali una habari zake. Nauosha kwa maji ya moto na limao, nauacha nje usiku. Na ukilegea, mvuke unavuja pembeni na presha haipandi kabisa. Duka lililoniuzia lilinipa karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja, lakini mpira ulipolegea wakaniambia haumo kwenye dhamana na wala hawauzi vipuri. Nilizunguka na ule wa zamani mkononi maduka ya karibu na Soko Kuu mpaka nikapata unaolingana.

Kwa hiyo mkienda kununua, mwambieni muuzaji afungue boksi, achomeke kwenye umeme na achemshe maji mbele yenu mpaka kipini kipande. Hakikisheni plagi ni nene na inaingia kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuunganishia wa bei rahisi. Na kama duka halina mpira wa akiba wa modeli hiyo hiyo, chukueni modeli nyingine.