Nilipeleka kwadi kubadilisha oili, wakaipiga skrubu za jipsamu

Jina la gereji naliacha, ila ninayoyasema yote yamenikuta. Niliwapelekea kwadi yangu, ile pikipiki ya matairi manne ninayokodisha wageni huku kusini mwa Unguja, kwa kazi ndogo kabisa: oili na kusafisha ea klina. Masika yalikuwa yamekwisha, njia za mashambani zimekauka, vumbi limeanza. Jioni nimeifuata, injini inalia vizuri, nikafurahi. Nikainama kuangalia madigadi ya mbele, nikakutana na vichwa vyeusi vya skrubu za jipsamu, zile za kufungia dari. Za jipsamu! Zimepigwa kwenye plastiki, palepale zilipokuwa klipu, vile vishikizo vya plastiki vya kufungia bodi, na tundu moja tayari lina ufa unaokwenda mpaka ukingoni.

Nikamuuliza fundi, kwa adabu, klipu zangu ziko wapi. Hakuinua hata uso. "Zimevunjika bosi, plastiki tu zile. Hapa nishakukazia, haitoki tena." Nikamwambia, ndugu yangu, bodi ile haitakiwi kukazwa hivyo, inatakiwa ifunguke kila ukitaka kufika kwenye injini. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Huyu kaja kutufundisha kazi." Nikalipa nikaondoka. Klipu moja haifiki bei ya soda, lakini kicheko kile kimenikaa rohoni mpaka leo.

Maana kazi yenyewe haina ugumu. Klipu ya bodi ina vipande viwili: kijumba chenye miguu iliyopasuliwa, na pini inayopita katikati. Pini ikiwa imekaa sawasawa, miguu inatanuka nyuma ya plastiki na kushika. Pini ikiondoka mahali pake, miguu inajikusanya na klipu inatoka kwa vidole. Ziko ambazo pini unainyanyua ukingoni kwa bisibisi bapa nyembamba. Ziko zenye alama ya msalaba kichwani, hizo unazungusha taratibu kwa bisibisi ya nyota huku unainyanyua. Na ziko ambazo katikati pana kidoa tu, hakuna pa kushika; hizo unasukuma pini ndani kidogo kwa ncha nyembamba mpaka uhisi imeachia, usizidishe, kisha unachomoa. Hapa ndipo mafundi wenye haraka wanapoharibu. Wanachomeka bisibisi kubwa chini ya kichwa na kung'oa kama wanang'oa msumari wa paa, kichwa kinabaki mkononi na miguu inabaki tunduni. Wakati wa kurudisha, unaitokeza kwanza pini upande wa juu, unaingiza kijumba, halafu unabonyeza pini mpaka ilingane na kichwa. Basi.

Nakubali jambo moja, nisije nikamdhulumu mtu. Jua letu linaikausha nailoni, na ule unga wa mawe ya matumbawe unaingia baina ya pini na kijumba mpaka vinashikana. Usipoosha kwanza kwa maji na brashi, klipu ya zamani itakatika hata mikononi mwa fundi mpole. Kwa hiyo zingekatika mbili tatu, nisingesema neno. Lakini zote, mchana mmoja? Na hata moja nisirudishiwe kuiona?

Tena klipu iliwekwa pale kwa sababu. Bodi ya plastiki inatanuka kwa joto na inacheza kwenye mashimo ya njia, ndiyo maana tundu lake huachwa na nafasi kidogo, na klipu ndiyo inayokubali kukatika ili bodi ipone. Skrubu haikubali. Inauma plastiki, bodi ikitikisika ufa unaanzia hapohapo, na kwa upepo wetu wa bahari baada ya muda kutu inachuruzika kwenye rangi. Ukiifungua na kuifunga mara kadhaa, tundu linalegea, fundi anatafuta skrubu nene zaidi.

Nikaenda Darajani nikanunua kiboksi cha klipu mchanganyiko, pamoja na kiuma, kile kifaa chenye ncha mbili cha kuchomolea klipu. Kiboksi hiki ndicho nilichotaka kukiandikia maoni hapa, na nilitaka kukipa alama za chini. Zinazoingia kwenye tundu la milimita 6 na 8 ndizo nilizozihitaji. Nyingine nyingi ni ndefu, za bampa za magari, sina kazi nazo. Vichwa ni vyembamba, na za nyuma zilichomoka mapema kwenye njia mbovu, ikabidi sehemu zile niagize za kampuni yenyewe. Lakini kiuma kile! Kinapita chini ya kichwa bila kukwaruza, kinashika pande zote mbili, klipu inanyanyuka nzima. Kwa kiuma peke yake pesa yangu imerudi. Nikizitazama klipu zile za bei rahisi pembeni ya skrubu za yule bwana, naona nilikuwa naionea bure boksi ya watu. Nunueni.

Madigadi nimeyanusuru kwa sasa. Nimetoboa kitundu kidogo kwa drili mwishoni kabisa mwa ufa ili usiendelee, na yale matundu yaliyoliwa na skrubu nimeweka washa pana ya plastiki chini ya kichwa cha klipu. Inashika, ingawa haipendezi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nia ya kusema kwamba gereji ile oili wanabadilisha vizuri, mtu aende kwa hilo tu. Nalifuta. Nilipotoa skrubu ya karibu na taa, ncha yake ilikuwa imeshachubua ala ya waya, shaba inaonekana. Kwadi ile wanapanda wageni, wanapanda na watoto wao, na mimi ndiye ninayewakabidhi ufunguo. Waya ule ungegusana na chuma wakiwa porini, taa zimezimika na usiku unaingia, yule aliyekuwa akicheka asingekuwepo. Msiwape hata tairi kujaza upepo.