Linux Mint dukani: miezi mitano tangu niache kupigiwa windo

Mteja akikaa kwenye kompyuta yangu haulizi ni mfumo gani. Anashika mausi, mkono unakwenda wenyewe kwenye kona ya chini kushoto, anabonyeza. Kikifunguka kitu chenye orodha, basi amefika nyumbani. Nina duka la steshenari hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu, na huo mkono nimeutazama miaka karibu ishirini. Ndio ulionipa moyo wa kuacha Windows na kuhamia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kama nitakavyoeleza.

Kwanza sababu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifika mwisho wa kupewa apdeti za usalama. Kompyuta yangu kuu ni laptopu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 4, RAM 4GB, niliyoinunua 2018 na ambayo haijawahi kunigomea. Windows 11 upande wa Intel inataka prosesa kuanzia kizazi cha 8, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yangu haina hiki wala kile. Palikuwa na njia ya kujiandikisha upate apdeti mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, lakini mwaka ni msimu mmoja tu wa wanafunzi kuja kuomba mikopo, ukigeuka umeisha. Fundi wa jirani akanijia na suluhisho lake: "Bosi, hicho kizuizi kinarukwa. Nakupigia Windo 11 kwa elfu kumi na tano, jioni unaichukua."

Nimepigiwa windo mara nyingi mno maishani. Nikamwambia aache.

Wasiojua: kupiga windo ni ibada ya kila baada ya miezi sita. Kompyuta ikianza kusuasua, unampelekea fundi, anafuta kila kitu, anaweka Windows upya kutoka kwenye CD iliyoandikwa kwa kalamu ya maka, na anakurudishia ikiwa nyepesi kama mpya. Leseni? Tusiulizane. Nilianzia kwenye Windows 98, chuo cha mtaani, 2002, tukibeba kazi zetu kwenye disketi za 1.44MB ambazo zilikuwa zikiharibika kwa kupita tu karibu na redio. Flashi ilipoingia, ile 98 haikuitambua mpaka uiwekee draiva yake kwanza, yaani programu ya kuifanya kompyuta ielewane na kifaa, kwa hiyo ulihitaji disketi ili uweze kutumia flashi. Tuliona ni kawaida.

Duka nilifungua 2006 na kompyuta ya mezani yenye Windows XP na RAM 256MB. Wengi wetu tulijifunza kazi kwenye XP. Ile picha ya kilima cha kijani na anga la bluu, nilikuwa na mteja aliyeapa ni huku kwetu, upande wa Mgeta. Ilipigwa California, kaunti ya Sonoma, 1996, na mpiga picha anaitwa Charles O'Rear. Sikumwambia, alikuwa anafurahi.

Lakini XP pia ndiyo iliyonifundisha virusi vya flashi. Mwanafunzi anakuja na flashi yake, unaichomeka, programu iliyojificha humo inajiendesha yenyewe, na tangu hapo kila flashi itakayoguswa na kompyuta yako inaondoka na zawadi. Folda zinafichwa, mahali pake zinakaa shotikati zenye majina yaleyale. Mtu anabonyeza "RIPOTI YA FIELD", haifunguki, anashika kichwa. Dawa yake niliikariri kuliko namba yangu ya simu: unafungua ule ukurasa mweusi, unaandika attrib -h -r -s /s /d, unasubiri. Shilingi elfu moja kwa flashi. Kuna wiki virusi viliniingizia pesa kuliko kopi, nakiri. Windows 7 ilipokuja 2009 ilizima ule mtindo wa flashi kujiendesha, na biashara hiyo ikapungua, ingawa haikufa.

Windows Vista, iliyokaa kati ya XP na 7, sikuwa nayo kwa hiyo nairuka. Windows 7 niliipenda, na mpaka leo ukiniuliza mfumo gani wa Microsoft ulikuwa umetulia, nitakutajia huo. Windows 8, Oktoba 2012, iliondoa kitufe cha Start pale kona. Sikuiweka dukani, ila mwalimu mmoja mstaafu alikuja na laptopu mpya aliyonunuliwa na wanawe. Nikampa shikamoo, akaitika, akafungua mashine na kuanza kugongagonga kona ya chini kushoto kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Mwaka uliofuata toleo la 8.1 likakirudisha kitufe. Kilikuwepo tangu Windows 95, na miaka yote hiyo mikono ya watu ilikuwa imeshajifunza njia. Windows 11 nayo imekisogeza katikati, ingawa unaweza kukirudisha kushoto.

Linux sikuikuta jana. Mwaka 2008 niliagiza CD ya Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux. Walikuwa wakizituma bure dunia nzima, unaweka anwani ya sanduku la posta unasubiri. Ikafika, bahasha safi, nikajiona mtu mkubwa pale posta. Nikaiweka, ikakubali kila kitu isipokuwa modemu yangu ya kuchomeka, na bila intaneti nisingeweza kutafuta jinsi ya kuifanya modemu ikubali. Siku ya tatu nikarudi XP.

Safari hii nilichagua Linux Mint 22.2, toleo la Xfce kwa sababu ni jepesi. Mint ilianza 2006, imejengwa juu ya Ubuntu, na matoleo haya ya 22 yanapewa apdeti hadi 2029. Faili lake ni karibu GB 3. Nililishusha usiku kwa bando la usiku, nikalichoma kwenye flashi kwa programu ya Rufus, nikawasha laptopu huku nabonyeza F12. Hapa kuna jambo ambalo Windows haikuwahi kunipa: mfumo mzima unawaka kutoka kwenye flashi, unaujaribu, unafungua intaneti, unacheza nao, na diski yako haijaguswa. Ukiridhika ndipo unabonyeza kitufe cha kuuweka moja kwa moja.

Mimi niliridhika mapema mno. Niliona waifai imekubali, sauti inatoka, kile kitufe kipo kona ya chini kushoto. Nikafuta Windows saa nne usiku. Printa sikuijaribu.

Asubuhi watu wanne kwenye foleni, printa imewaka taa ya kijani, haitoi karatasi. Ni printa ya leza ya miaka mingi, jina la kampuni naliacha. Mint iliiona, jina lake likatokea kabisa, lakini kila nikituma kazi inasema imekamilika na karatasi haitoki. Nikachagua draiva ya modeli ya jirani kwenye orodha. Ikatoka karatasi yenye alama za ajabu mstari mmoja mmoja, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka nikachomoa waya. Karatasi ishirini na mbili. Binti anayenisaidia akazikusanya kimya kimya akazikatakata kuwa za kuandikia risiti.

Tatizo lilikuwa hivi: printa za bei nafuu za zamani zinaachia kompyuta kazi ya kuchora ukurasa, na kila kampuni ina lugha yake ya siri. Kwenye Linux uchapishaji unaendeshwa na programu ya CUPS, ileile iliyomo kwenye kompyuta za Apple, nayo inaongea vizuri na printa zinazofuata lugha za wazi. Hizo za lugha ya siri mpaka upate draiva ya mwenyewe. Saa saba mchana nikaipata kwenye tovuti ya kampuni, imefichwa chini kabisa, nikaiweka, ikafanya kazi na haijanisumbua tena. Nusu siku ya mapato ilikuwa imekwenda. Ushauri wangu mkubwa ni huu hapa: ukiwa bado kwenye flashi, kabla hujafuta chochote, printi ukurasa mmoja.

Skana, niliyoitegemea inisumbue, ilikubali bila draiva yoyote. Sielewi na sitaki kuelewa.

Sasa sehemu tamu. Wiki ya pili akaja kijana wa chuo, jasho limemtoka, flashi mkononi: "Anko, folda zangu zote zimekuwa shotikati, kesho na-submit." Nikachomeka. Kwenye skrini zikatokea shotikati zake zilizokufa, na pembeni yake folda zake zote, zimekaa kama hazijawahi kufichwa. Mint haijali ile alama ya kuficha inayowekwa kwenye flashi za namna hiyo, na vile virusi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, hapa havina pa kushika. Sikuandika attrib wala nini. Nikafuta shotikati na lile faili la ajabu, nikamrudishia. Akauliza ni shilingi ngapi. Nilisita kidogo, maana hata sekunde thelathini hazikupita. Nikachukua mia tano.

Upande wa nyaraka, inakuja na LibreOffice, programu za bure za kazi zile za Word na Excel. Barua, ripoti, mitihani ya shule ya msingi, hakuna shida. CV ndizo zinazosumbua. Vijana wanazitoa kwenye violezo vyenye visanduku juu ya visanduku, na fonti ya Calibri ambayo Mint haina. Nimeweka Carlito, fonti iliyotengenezwa ili herufi zake ziwe na upana uleule wa Calibri, na mistari mingi imeacha kuruka. Bado mara mojamoja picha ya mtu inahamia juu ya "Elimu". Siku hizi namwomba mteja alete PDF, na asipokuwa nayo namwonyesha kwanza kwenye skrini kabla ya kuprinti. Hilo ni zuri hata kwa mfumo mwingine.

Nikiifungua LibreOffice hukumbuka Jambo OpenOffice, programu ya namna hiyohiyo kwa Kiswahili iliyotoka 2004 kwa kazi ya mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Faili, Hariri, kila kitu kwa lugha yetu. Tuliicheka, tukisema kompyuta ni ya Kiingereza. Leo nina wateja watu wazima wanaoniuliza "save" ni ipi.

Kasi? Nitakuwa mkweli. Kwa diski ya zamani ya kuzunguka, Mint iliwaka haraka kuliko Windows 10, lakini si miujiza. Miujiza ilikuja nilipoweka SSD, diski isiyozunguka, ya 256GB mwezi uliofuata. Anayekwambia laptopu yake imefufuka kwa Linux, muulize kama hakubadilisha na diski. Kwenye RAM hapo tofauti ni ya kweli: ikiwa imewaka tu, haijafunguliwa kitu, inakula chini ya GB 1, na zile 4GB zinatosha kwa kivinjari, LibreOffice na skana kwa pamoja.

Apdeti zinakuja na kijialama pembeni, naziruhusu mimi jioni. Kwenye Windows 10 niliwahi kupoteza bando la wiki kwa usiku mmoja, kosa langu, sikuwa nimeiambia kompyuta kwamba intaneti yangu ni ya kupima. Hapa hata nikisahau hakuna apdeti inayoshuka mpaka nibonyeze. Kuna na Timeshift, inapiga picha ya mfumo ili ukiuharibu urudi nyuma. Nimeitumia mara moja, baada ya kujifanya fundi.

Yule mwalimu mstaafu bado anakuja Jumanne kusoma barua pepe zake. Alikaa, akaenda kona, akafungua kivinjari, akasoma, akalipa. Wiki ya tatu ndipo aliposema, "Naona umebadilisha picha." Picha ya nyuma, yaani.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya karatasi ishirini na mbili. Kama kazi yako ni kuchapa, kuprinti na mtandao, na mashine yako imekataliwa na Windows 11, jaribu. Kama unatumia programu ya uhasibu uliyouziwa mahsusi, au unamtegemea fundi wa mtaani kwa kila kitu, subiri kwanza, kwa sababu fundi wangu alipoiona aliinua mikono kama amekutana na nyoka.

Na mimi sijahama wote. Kompyuta ya pili, ile ya pembeni, bado ina Windows 10, nimeikata intaneti. Humo ndimo zilimo kadi zangu za michango na za harusi, violezo zaidi ya arobaini nilivyochora kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, tangu enzi za XP, maua, njiwa, pete mbili, kila kitu. LibreOffice inazifungua lakini maua yanahama. Halafu Microsoft wametangaza kwamba Publisher yenyewe inafikia mwisho Oktoba 2026. Kwa hiyo kila jioni baada ya kufunga nakaa na Inkscape, programu ya kuchorea, nachora kadi moja upya. Nimefika ya sita, na njiwa bado wananishinda.