Texan .457: bunduki ya upepo ya kuangushia nguruwe pori, na inasimama wapi mbele ya bunduki za baruti

Wakuu, maswali kuhusu hii mashine yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa wabongo wenzangu na majirani zetu wa Kenya tulio huku Dallas na Fort Worth, kwa hiyo acha niandike yote sehemu moja. Naongelea AirForce Texan ya kaliba .457, yaani risasi yake ina upana wa inchi 0.457. Inatengenezwa hapahapa Fort Worth na ilitoka mwaka 2015, na ukisikia bunduki ya upepo tafadhali usiwaze ile ya kupigia njiwa tuliyoiona nyumbani, hii ni kitu kingine kabisa. Hii inaua nguruwe dume wa kilo mia na risasi inatokea upande wa pili.

Naanza na namba maana ndo watu wanabishania. Risasi ninayotumia ina greni 350, ni karibu gramu 23, unene wake unakaribia kidole kidogo cha mkono. Inatoka mdomoni kwa kama futi 800 kwa sekunde, ukipiga hesabu unapata futi-paundi (kipimo cha nguvu ya risasi) karibu 500. Bastola ya 9mm inatoa 340 hivi, bunduki ndogo ya .22 ya kawaida ni 130 na kidogo, kwa hiyo hapo unaona kwamba sio mchezo. Lakini sasa .30-30, bunduki ya kizamani kabisa ambayo kila mzee wa Texas anayo nyuma ya mlango, inatoa kama 1900. Karibu mara nne. Kwa hiyo anayekwambia bunduki ya upepo imeifikia ya baruti anakudanganya, na mimi naipenda Texan sana ila hilo siwezi kulisema.

Sasa kwanini mtu aichukue? Kwangu mimi sababu ya kwanza ni mahali ninapowinda. Ranchi ninayoruhusiwa ni ndogo, mzee mwenyewe ana ng'ombe, jirani yake ana farasi, na nyumba unaziona kwa macho. Mzee alishasema wazi hataki bunduki kubwa za baruti zilie usiku kucha pale. Bunduki ya baruti ya .308 inapiga mlio unaopita desibeli 150 alafu juu yake kuna ule mpasuko wa risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, huo unasikika mbali sana na huwezi kuuzuia hata ufunge nini mdomoni. Risasi ya Texan inakwenda chini ya kasi ya sauti, kwa hiyo mpasuko haupo. Unasikia mlipuko wa hewa tu. Usinielewe vibaya, Texan ya kawaida ina kelele, vaa vizuia sauti masikioni, ila ni kelele inayoishia karibu. Ipo na toleo la SS ambalo lina kipunguza sauti chake cha ndani, jamaa yangu anayo nimeipiga, na nguruwe waliokuwa mbali kidogo waliinua vichwa tu wakaendelea kuchimba. Hiyo kwa bunduki ya baruti nimewahi kuiona wapi, hakuna, kundi lote linatoweka.

Tena nguruwe pori huku ni balaa kweli, wanapindua malisho usiku mmoja unakuta shamba kama limepigwa trekta. Ndo maana Texas tangu Septemba 2019 haidai leseni ya uwindaji kwa nguruwe hawa ukiwa kwenye ardhi binafsi na mwenye ardhi amekuruhusu. Ukitaka paa wa huku au mnyama mwingine mkubwa wa msimu hapo leseni lazima, na bunduki ya upepo imeruhusiwa tangu 2018 kwa masharti: kaliba isipungue .30, na iwe inarusha risasi ya angalau greni 150 kwa futi 800 kwa sekunde, au mchanganyiko wowote unaofika futi-paundi 215. Texan inapita hapo kwa mbali.

Jinsi ilivyo mkononi. Ni ndefu, inchi 48, mtutu peke yake ni inchi 34 na ni wa Lothar Walther, Wajerumani wale. Ila uzito hauzidi kilo tatu na nusu kabla hujaweka darubini kwa sababu hakuna mbao wala kitako cha kawaida, kitako ni mtungi wenyewe wa hewa. Shavu lako linalala juu ya chuma, na asubuhi ya Januari kile chuma ni barafu, nimekifunga kitambaa. Kukoki ni wenzo wa pembeni, unausukuma mbele chemba inafunguka, laini mno hata mtoto anaweza, alafu unachukua risasi unaisukuma kwa dole gumba mpaka uisikie inang'ata mifereji ya mtutu. Hapo dole linabaki na weusi wa risasi, na madini yake ni sumu. Nawa mikono kabla hujala, hilo nalisisitiza kwa wenye watoto nyumbani. Unarudisha wenzo, tayari. Triga yake ina hatua mbili na ni safi, sijapata kushika triga nzuri hivi kwenye bunduki ya bei hii.

Ni risasi mojamoja. Waliokulia Tabora au Rukwa wakaona wazee na magobore yao wataelewa haraka, ukishapiga umepiga, nyingine ni mpaka ushindilie upya. Texan ni haraka kuliko gobore bila shaka lakini akili yake ni ileile, unasubiri, unasogea, unapiga pale tu penye uhakika. Na kiukweli hii ndo inayonivuta zaidi kuliko mengine yote niliyoandika humu. Na .30-30 mkononi nilikuwa napiga yadi 120, 150, nguruwe hata hajui kuna mtu. Na Texan lazima niingie ndani ya yadi 75, lazima nijue upepo unatoka wapi maana nguruwe haoni vizuri ila pua yake ni hatari, lazima nijue wanapita njia gani. Nimejifunza nyayo na tabia zao kuliko miaka yote ya baruti.

Hiyo ya yadi 75 sio mapenzi yangu, ni fizikia. Ukiilenga sawa kwa yadi 50, ukifika 75 risasi imeshashuka inchi nne na kitu, ukifika 100 imeshuka zaidi ya futi nzima. Futi nzima kwa nguruwe ni tofauti ya moyo na udongo. Kwa hiyo nunua kifaa cha kupimia umbali, cha leza, bila hicho unabahatisha na mnyama anateseka bure. Na usiseme eti kwa sababu ni ya upepo risasi haifiki mbali, ukiielekeza juu ile donge inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo lazima kuwe na udongo nyuma ya mnyama kama bunduki nyingine yoyote.

Kuhusu kuua kwenyewe. Risasi ya kasi kubwa ya baruti inachana nyama kwa mshtuko, hii haifanyi hivyo, hii inatoboa. Tundu pana linaingia, linapita mapafu yote mawili, linatoka. Mnyama anakimbia mita 30, 40, anaanguka. Kama unategemea aanguke palepale kama umemkata umeme utasikitika. Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko unavyodhani, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele, sio katikati ya ubavu. Na dume kubwa lina ile ngao, gegedu gumu juu ya bega chini ya ngozi, ukilikata na kisu kisu kinagoma kabisa. Nimeikagua mwenyewe kwa dume moja wakati wa kuchuna, risasi ya pua bapa ilikuwa imepita ngao zote mbili, kuingia na kutoka, matundu yako safi kama yamechimbwa na drili. Nyama ya bega ilikuwa nzima, hakuna ile damu iliyoganda sehemu kubwa ambayo .308 inakuachia ukatupa nusu ya bega. Kwa anayewinda ili ale kitimoto na sio apige picha tu, hii ina thamani yake.

Tuje kwenye hewa maana hapa ndo watu wengi wanakwama, wananunua bunduki alafu inakaa kabatini. Mtungi wake ni sentimita za ujazo 490 unajazwa mpaka psi (kipimo cha presha) 3000. Kutoka hapo unapata risasi mbili za nguvu kamili, ya tatu bado inaua ila imeshuka kasi na inapiga chini, ya nne mimi siipigi mnyama. Kwa hiyo lazima uwe na chanzo cha hewa. Pampu ya mkono ipo, inawezekana, ila kuusukuma mtungi wa ukubwa ule mpaka 3000 ni jasho la kweli na unapampu na unyevu ndani. Mtungi wa wapiga mbizi unajazwa 3000 pia, tatizo ni kwamba ukishaujazia bunduki mara chache presha yake yenyewe iko chini ya 3000 na hutaijaza tena vizuri. Suluhisho ni mtungi wa kaboni wa psi 4500, ule wa lita 9 kama wa wazima moto, huo utakujazia bunduki mara ishirini hivi kabla haujashuka. Unajaziwa kwenye maduka ya wapiga mbizi au ya peintboli, piga simu kwanza uulize kama wanafika 4500 maana sio wote. Mwenye pesa anunue kompresa yake nyumbani, ila isiwe na kichujio kibovu, maji yakiingia kwenye mtungi yanakula vali.

Mambo mawili hapa hayana mjadala. Hewa tu, kamwe usijaze oksijeni, na usiweke oili ya petroli kwenye vali wala kwenye oringi (vile vipete vya mpira vya kuzibia hewa), tumia ya silikoni, kwa presha ile mafuta yanaweza kuwaka. Na usiache mtungi uliojaa ndani ya gari mwezi wa nane hapa Texas. Mtungi uliojazwa 3000 kwenye nyuzi 20 ukifika nyuzi 60 unakuwa unasoma karibu 3400, na cha ajabu ni kwamba bunduki inakuwa dhaifu badala ya kuwa kali, kwa sababu nyundo ya ndani inayogonga vali haina nguvu ya kuifungua vali iliyobanwa na presha kubwa hivyo.

Gharama sasa. Bunduki ni zaidi ya dola 1000, ongeza darubini, ongeza mtungi wa kaboni, unajikuta karibu na mara mbili yake. .30-30 iliyotumika unapata kwa nusu. Ila risasi za .30-30 sasa hivi zinapita dola moja kila moja, na wale tuliokuwa hapa 2020 na 2021 tunakumbuka rafu zilivyokuwa tupu madukani, fataki za kuwashia baruti hazikuonekana kwa miezi. Mwenye Texan hakusikia kitu. Madini ya risasi unayayeyusha unamwaga kwenye moldi za kampuni ya Lee unatengeneza mwenyewe gereji, milango wazi hewa ipite, na hewa ya kurushia ni bure.

Kisheria, sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 inaitambua silaha ya moto kwa mlipuko unaorusha risasi, bunduki ya upepo haina mlipuko, ndo maana Texan inaletwa mpaka mlangoni kwako. Usidhani ni kila jimbo, New Jersey wanaihesabu kama bunduki kamili. Walioko Uingereza, kila bunduki ndefu ya upepo inayozidi futi-paundi 12 inahitaji cheti kama ya baruti, na hii iko karibu 500 kwa hiyo msijaribu kuagiza kienyeji. Na Kenya uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku tangu 1977.

Kuna watu wanasema huu ni ujinga mpya wa Wamarekani. Sio mpya. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo ya Girardoni tangu kama 1780, kaliba kubwa, risasi kama ishirini kwenye magazini, wakati wenzao wanashindilia baruti mojamoja, na Lewis na Clark, wale wavumbuzi wa njia wa Kimarekani, walitembea na bunduki ya upepo kuvuka Amerika 1803 mpaka 1806. Kilichowashinda zamani ni hichohicho cha leo, kujaza. Mtungi wa Girardoni ulihitaji kupampu zaidi ya mara elfu moja.

Kwa hiyo kama una eneo kubwa wazi na unapiga mbali, au una bajeti ya bunduki moja tu, chukua .30-30 na hutajuta. Kama una shamba dogo, majirani, na una hamu ya kuwinda kwa kunyemelea, Texan ni ya kwako na mimi ningeinunua tena kesho. Ukichukua iliyotumika, kwanza sikiliza kama vali inavuja, jaza uiache usiku mzima uangalie geji asubuhi. Na mtungi wa kaboni wa kununua mkononi angalia tarehe iliyobandikwa ubavuni, lazima uwe umepimwa ndani ya miaka 5 iliyopita na maisha yake yote ni miaka 15 tu, duka halitakujazia uliopita hapo hata ubembeleze vipi, na mitandaoni imejaa inayouzwa bei chee kwa sababu hiyohiyo.