Kompyuta Mpakato ya Mtumba: Ipi Ununue Ili Mfumo Endeshi Usilalamike Kukosa Taarifa

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, anayenunua kompyuta mpakato iliyotumika ana njia mbili za busara: achukue inayokubali Windows 11, yaani yenye TPM 2.0 (chipu ya usalama inayotunza funguo za siri) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Au achukue yoyote iliyo imara na kuiwekea Linux, mfumo endeshi wa bure. Kwa njia zote mbili kuna jambo ninaloliangalia kabla ya ukubwa wa diski na ung'avu wa kioo, nalo ni kama mashine inaweza kujieleza yenyewe kwa mfumo endeshi.

Kompyuta inapowashwa, programu dhibiti iliyomo kwenye ubao mama, ambayo mafundi wengi bado huiita BIOS, huukabidhi mfumo taarifa za aina mbili. Majedwali ya SMBIOS hubeba utambulisho: kampuni iliyoitengeneza, jina la modeli, namba ya mfululizo ya mashine (serial number) na namba ya kipekee ya utambulisho iitwayo UUID. Majedwali ya ACPI, yaliyotokana na kanuni iliyotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, huueleza mfumo namna ya kusoma chaji ya betri, kuendesha feni, kutambua kwamba kifuniko kimefungwa na kuilaza mashine bila kuizima. Taarifa hizo zikikosekana au zikiwa na kasoro, mfumo hutoa onyo, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kujua onyo la kupuuza na onyo la kumrudishia muuzaji mashine yake.

Nenda dukani na flashi yenye Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux. Iwashe mashine kupitia flashi hiyo (kwa ThinkPad na Dell bonyeza F12, kwa HP bonyeza F9), chagua kujaribu bila kusakinisha, kisha fungua dirisha la amri na uandike sudo dmidecode -t system. Nilimsindikiza binamu yangu kwenye duka moja, tukafanya hivyo juu ya kaunta: jina la modeli likatokea sawasawa, lakini mahali pa namba ya mfululizo palikuwa patupu, ilhali kibandiko cha chini kilikuwa na namba inayosomeka vizuri. Muuzaji alipoulizwa alisema bodi ilibadilishwa na fundi. Hakuwa ametuambia, na bei ilikuwa ya mashine ambayo haijafunguliwa. Tuliiacha palepale. Mashine ya namna hiyo inaweza pia kukosa jedwali la MSDM, ambamo watengenezaji huhifadhi ufunguo wa Windows tangu enzi za Windows 8, na mnunuzi akajikuta analipia leseni aliyodhani amekwishailipia.

Amri ya pili, inayoorodhesha makosa na maonyo ya mfumo, ni sudo dmesg --level=err,warn. Usishtuke ukiona mstari unaoanza na "ACPI BIOS Error (bug): Could not resolve symbol" na kuishia na "AE_NOT_FOUND". Maana yake ni kwamba jedwali limetaja kifaa ambacho halikukieleza mahali popote, na hutokea hata kwenye mashine nzuri kabisa. Kipimo ni matendo: funga kifuniko, subiri dakika mbili, fungua, chomoa chaja uone kama asilimia ya betri inasomeka, sikiliza kama feni inapungua kasi mashine ikitulia. Vikifanya kazi vyote, mstari ule hauna madhara kwako.

Kwa vipimo hivyo, nafasi ya kwanza naipa ThinkPad za mfululizo wa T, hasa T480 ya mwaka 2018. Lenovo husambaza masasisho ya programu dhibiti yake kupitia huduma ya LVFS, kwa hiyo mtumiaji wa Linux huyapata kwa amri ya fwupdmgr update bila kuhitaji Windows. Ubao uliobadilishwa bila kuandikwa upya hujitangaza wenyewe wakati wa kuwaka, kwa kosa namba 2200 la namba ya mfululizo batili au 2201 la UUID batili. Kagua mambo mawili: kwamba F1 inafungua mipangilio bila kudai nywila, na kwamba tundu la USB-C linachaji, kwa kuwa programu dhibiti ya awali ya Thunderbolt (kiunganishi cha kasi kinachotumia tundu la USB-C) kwenye modeli hii ilikuwa na hitilafu inayoweza kuharibu tundu hilo, hivyo sasisho lake ni la lazima.

Dell Latitude, mfano 7490 yenye prosesa ya kizazi cha 8, inafuata kwa karibu sana. Uzuri wake ni Service Tag, yaani namba ya utambulisho ambayo Dell huipa kila mashine: ukiipata kwa dmidecode, iingize kwenye tovuti ya Dell nayo itakuonyesha mashine ilitoka kiwandani ikiwa na nini, ulinganishe na ulichowekewa mbele yako. HP EliteBook 840 G5 naiweka ya tatu. Ni imara, na huweza kusasisha BIOS kwa mtandao kutoka menyu ya F10, lakini ukiona "Product Information Not Valid" inapowaka, ubao wake haukuandikwa utambulisho, na punguzo la bei ni haki yako.

Chromebook inafaa kwa anayebaki na ChromeOS. Angalia tarehe ya mwisho wa masasisho. Zilizotolewa kuanzia mwaka 2021 zina miaka 10. Kuiwekea Linux ya kawaida mara nyingi hudai kubadilisha programu dhibiti yenyewe.

Mwisho kabisa ni kompyuta ndogo zisizo na jina zenye prosesa ya Intel Atom ya kizazi cha Bay Trail. Nyingi zina UEFI (programu dhibiti ya kisasa iliyorithi BIOS) ya biti 32 juu ya prosesa ya biti 64, na pale panapotakiwa jina la modeli huandikwa "To Be Filled By O.E.M.", maneno ambayo mtengenezaji alipaswa kuyafuta na kuweka jina lake. Madhara yake si ya maandishi tu. Kerneli ya Linux, yaani kiini chake, ina orodha ya marekebisho ya vioo vya kugusa inayotegemea majina hayo ya SMBIOS. Mashine isiyo na jina ni vigumu kutambuliwa, na kioo chake kinaweza kugeuza mguso wa kushoto kuwa wa kulia. Kwa mwanafunzi mwenye bajeti ndogo, bora ThinkPad yenye michubuko kuliko mojawapo ya hizo ikiwa bado kwenye boksi.