TAHADHARI: Balbu ya pikipiki imeandikwa 35, kumbe ni ya wati 100

Ndugu zangu wa pikipiki, kuna muuza spea anayefunga balbu za taa ya mbele ambazo si kile zilichoandikwa. Mimi amenifungia, na nusura nianguke usiku.

Pikipiki yangu inatumia balbu ya HS1, volti 12, wati 35/35, yaani 35 za dimu na 35 za fulu. Ile ya zamani ilipoungua niliitoa mwenyewe, nikavuta kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Springi ya waya inayobana balbu ikakatika, na sikio la plastiki linaloishika springi likang'oka. Yule bwana akasema hakuna tabu: balbu orijino anayo, springi anayo, sikio atalibandika. Dakika chache kazi ikaisha. Taa ikawaka kali ajabu, nikafurahi.

Usiku wa tatu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kabla sijasimama taa ikazima, fulu na dimu kwa pamoja, nikiwa katikati ya kona. Namshukuru Mungu hakukuwa na gari mbele.

Kulipokucha tukaifungua na fundi ninayemwamini. Soketi imeyeyuka na kushikana na miguu ya balbu. Tulipopangusa kitako cha balbu kwa spiriti, "35/35" ikafutika yote, na chini yake kumegongwa kwenye chuma 100/90. Hiyo ni H4, aina nyingine ya balbu. Kitako cha H4 kinakaribiana na cha HS1 lakini masikio yake, yaani vibati vinavyotokeza pembeni mwa kitako, hayalingani, ndiyo maana haya yalikuwa na alama za tupa. Ameyachonga ili yaingie! Wati 35 kwa volti 12 ni kama ampea 3. Wati 100 ni zaidi ya 8. Waya na swichi za pikipiki ndogo hazikutengenezwa kubeba mzigo huo.

Springi nayo ni waya laini wa kawaida uliokunjwa. Springi halisi ukiibonyeza inarudi, hii ilibaki ilivyopindwa. Balbu ikawa inacheza, mwanga ukaenda juu kwenye macho ya watu wanaokuja. Nimewaumiza wengine siku tatu bila kujua, na hilo linanikera kuliko hata hasara.

Sikio alilibandika kwa supaglu. Gundi ile inapokauka hutoa mvuke unaoacha utando mweupe, na rifleta yangu, yaani bakuli la kung'aa linaloakisi mwanga wa balbu, imefifia kama kioo kilichopumuliwa. Halafu kwa joto la balbu, gundi yenyewe imeachia.

Nilipomrudishia alisema bidhaa ikishafungwa hairudi, na kwamba mimi ndiye niliyeiharibu.

Kwa hiyo ukinunua balbu, usikubali ifungwe kabla hujaishika. Ishike kwenye chuma, si kwenye kioo, maana mafuta ya vidole huunguza kioo cha halojeni mapema. Sugua maandishi kwa kitambaa chenye spiriti. Angalia masikio matatu ya kitako kama yana mikwaruzo ya tupa. Balbu ya sawa inakaa kwenye tundu lake kwa namna moja tu, bila kulazimishwa. Kisha bonyeza springi mara mbili tatu uone kama inarudi. Na ule mpira wa nyuma wa kuzuia maji hakikisha umerudishwa. Wangu aliuacha nje kwa sababu haukuenea.

Sikio likikatika, dai kishikizo kizima au rifleta nyingine. Fundi wangu amenipatia rifleta ya mtumba yenye masikio yote, tumebadilisha soketi na waya zake, na sasa nina HS1 ya kweli.

Ile balbu ya uongo nimeitunza pamoja na pakiti yake. Mwenye pikipiki aliyefungiwa taa "kali sana" hivi karibuni, tafadhali afungue leo aguse soketi kabla hajatoka usiku.