GifCities: Kila Picha Inajua Kwao

Katika kila kundi la ndugu na marafiki hakosekani mtu mmoja ambaye kazi yake, pasipo kuajiriwa na yeyote, ni kuwatumia wenzake vituko alivyoviokota mtandaoni, na siku akikaa kimya watu huulizana kama anaumwa. Kwetu mtu huyo ni mimi. Kwa miaka mingi nimetunza orodha ya viungo vya mambo yaliyonichekesha, pamoja na kurasa za mashabiki wenzangu wa katuni na michezo ya video, nikidhani nimeweka akiba, lakini nilipoipitia upya hivi karibuni nilikuta karibu nusu yake ni makaburi: ukurasa haupo, jina la tovuti limechukuliwa na wauza dawa za kupunguza unene, au video imeondolewa na aliyeiweka. Huduma moja niliyoitegemea kunihifadhia viungo hivyo nayo ilifunga milango, na barua yake ya kuaga niliisoma baada ya muda wa kuchukua mizigo yangu kwisha. Baada ya pigo hilo ndipo nilipoanza kuitumia kwa makini GifCities, ambayo awali niliifungua mara moja tu, nikacheka, nikaifunga.

GifCities ni mtambo wa kutafutia picha za GIF, yaani zile picha ndogo zinazocheza, zilizotoka katika kurasa za GeoCities. Ulizinduliwa mwaka 2016 na Internet Archive, maktaba ya kidijitali inayohifadhi kurasa za mtandao, shirika hilo lilipokuwa likiadhimisha miaka 20 tangu lilipoundwa mwaka 1996, na wakati huo lilieleza kuwa limechambua picha zinazocheza zaidi ya milioni 4.5, ambazo kati yake zisizojirudia ni kama milioni 1.6. Zilizobaki ni nakala za zilezile, kwa sababu watu wa enzi hizo walikuwa wakichukuliana mapambo ya kurasa kama majirani wanavyoazimana ngazi, na wengine hawakurudisha. Matumizi ni bure, hakuna kujisajili na hakuna matangazo. Unaandika neno, unabonyeza, na ukuta mzima wa picha unaanza kuchezacheza mbele yako kwa wakati mmoja, kila moja kwa mwendo wake, kama darasa ambalo mwalimu ametoka nje.

Asiyeijua GeoCities hataelewa kwa nini mtambo huu una thamani, kwa hiyo niieleze kidogo. Ilianza mwaka 1994 huko Marekani ikiwa huduma ya kumpa mtu wa kawaida nafasi ya bure ya kuweka ukurasa wake, na waanzilishi wake waliigawa kwa mitaa kufuatana na mambo ambayo watu wanayapenda. Mashabiki wa hadithi za sayansi na viumbe wa angani waliishi Area51, wapenzi wa filamu walikaa Hollywood, wa muziki wa roki walikuwa SunsetStrip, na waliokuwa na kichaa cha katuni za Kijapani walijazana Tokyo. Anwani ya ukurasa ilikuwa na jina la mtaa na namba ya nyumba, kwa hiyo shabiki hakuwa na akaunti tu. Alikuwa na makazi, na alikuwa na majirani wenye ugonjwa kama wake. Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999 kwa hisa zenye thamani ya mabilioni ya dola, na miaka 10 baadaye, Oktoba 2009, ikaifunga. Kilichosalia kilisalia kwa sababu Internet Archive pamoja na kikundi cha kujitolea kinachoitwa Archive Team walikimbizana na siku ya mwisho wakinakili kurasa kadiri walivyoweza.

Basi sasa tuutazame mtambo wenyewe ukifanya kazi. Andika neno la Kiingereza "construction", yaani ujenzi. Utapata mamia ya vibao vya njano na vyeusi, taa za barabarani zinazowakawaka, mikanda yenye mistari, na katikati yao yumo yule ambaye kila mtu aliyeingia mtandaoni kabla ya mwaka 2000 alimwona: umbo jeusi la mtu asiye na uso, ndani ya kibao cha njano chenye umbo la almasi, ameshika sepetu. Nimemtazama kwa muda ambao sitaki kuutaja. Ana mikao michache tu. Anainamisha sepetu, anachota, anainua, na kabla udongo haujatua popote amekwisha rudi mkao wa kwanza. Kichuguu kilicho mbele yake hakiongezeki wala hakipungui. Alikuwa akiwekwa katika ukurasa ambao mwenyewe hajaumaliza, ili kumwomba mgeni avumilie, na kwa kuwa wengi wao hawakuumaliza kamwe, ameendelea kuchimba mpaka huduma nzima ikafungwa juu ya kichwa chake.

Mpaka hapo GifCities ingekuwa kichekesho cha dakika 10, na nisingepoteza muda kuiandikia tathmini. Kinachoitofautisha ni jambo moja: ukiibonyeza picha, hupati picha kubwa zaidi, bali unapelekwa kwenye ukurasa ilikotoka, kama ulivyohifadhiwa katika Wayback Machine, ghala la Internet Archive la kurasa za zamani. Picha haikukatwa kitovu na kwao. Unambonyeza yule mchimbaji na ghafla umesimama sebuleni kwa mtu: mandharinyuma ni anga nyeusi yenye nyota zinazomemeta, maandishi ni ya kijani kibichi hivi kwamba macho yanauma, juu kuna mwali wa moto unaokimbia kutoka kushoto kwenda kulia ukitenganisha salamu na habari yenyewe, na chini kabisa kuna bahasha inayofunguka, ikatoa barua, ikaimeza tena, ili ujue kwamba mwenye nyumba anapenda kuandikiwa. Kuna kitabu cha wageni. Kuna maelezo kwamba ukurasa huu hupendeza zaidi ukitazamwa kwa kivinjari cha Netscape. Na kuna aya tatu au nne ambamo mtu, bila haya yoyote, anaeleza kwa nini mhusika fulani wa katuni ndiye mhusika bora kuliko wote waliowahi kuchorwa.

Aya hizo ndizo zinazonirudisha. Siku hizi tunaposambaza jambo tunalolipenda tunalivika dhihaka kidogo kwanza, ili mtu akitucheka tuwe tumekwisha jicheka. Mashabiki wa mitaa ile hawakuwa na kinga hiyo. Mtu alitumia jioni zake kuandika orodha ya vipindi vyote vya tamthilia aipendayo, akaipamba kwa pomboo watatu wanaoruka, bila kujali kwamba tamthilia yenyewe haina bahari, akamwomba mgeni asiibe orodha hiyo bila kumtaja. Ni jambo la kuchekesha, na mimi hucheka, lakini ninapomtumia mwenzangu kitu kama hicho huwa simtumii ili amdharau aliyekitengeneza.

Kuhusu picha zenyewe, ufundi wake unaeleza sura yake. Muundo wa GIF ulitolewa mwaka 1987 na kampuni ya CompuServe, kwa kazi ya mhandisi Steve Wilhite, na kila fremu hutumia rangi zisizozidi 256. Toleo la mwaka 1989 liliongeza uwezo wa kupanga muda kati ya fremu na wa kuifanya rangi moja iwe uwazi, kisha kivinjari cha Netscape, katikati ya miaka ya 1990, kikaleta amri ya kuirudiarudia picha bila kikomo. Kutokana na mambo hayo matatu, pamoja na modemu zilizokuwa zikivuta data kwa mwendo wa kinyonga, ikazaliwa sanaa ya picha ndogo, yenye rangi kali, inayofanya tendo moja milele. Wilhite alipopewa tuzo ya Webby, inayotolewa kwa kazi bora za mtandaoni, mwaka 2013 alitumia nafasi hiyo kusisitiza kwamba herufi ya kwanza ya GIF isomwe kama "j", na wasemaji wa Kiingereza wakaendelea kugombana. Sisi Kiswahili kimetuepusha na ugomvi huo: g ni g.

Linganisha na picha za namna hii tunazozipata leo ndani ya programu za ujumbe, ambazo nyingi hutoka katika maghala kama Giphy na Tenor. Hizo ni vipande vilivyokatwa kutoka filamu, tamthilia na matangazo ya michezo, na kazi yake ni kujibu: huyu anakunja uso, yule anapiga makofi, mwingine anaondoka chumbani. Ni zana nzuri, na sitaziacha, ila ni nadra kukueleza ni nani aliyekata kipande kile na kwa nini kilimgusa. Ukitaka kumjibu mtu haraka, GifCities haitakufaa hata kidogo, kwa sababu mwali wa moto wa mwaka 1997 haujibu swali lolote. Itakufaa ukitaka kumwonyesha mtu kitu na kumwambia: nenda ukatazame kilikotoka.

Sasa kasoro zake. Kwa muda mrefu mtambo huu ulitafuta kwa kufuata majina ya faili na anwani za kurasa, kwa hiyo picha ya paka anayecheza ngoma ilipatikana iwapo mwenyewe aliiita jina linaloeleweka, na ilipotea kabisa iwapo aliiita "anim01". Maboresho ya mwaka 2025 yameongeza utafutaji unaozingatia maana ya kile unachokitafuta, na yamepunguza tatizo hilo, ingawa bado naona ni vyema kujaribu maneno matatu au manne ya jambo lilelile kabla ya kukata tamaa. Ugumu mwingine ni lugha: majina mengi ya faili yalitungwa kwa Kiingereza, hivyo anayetafuta "ndege" ajiandae kuamua kwanza kama anamtaka yule wa manyoya au yule wa injini, kisha amtaje kwa lugha ya wenyewe.

Zimo pia picha zisizofaa, za uchi na za kashfa, kwa kuwa mitaa ile haikuwa ya watawa, na si chombo cha kumwachia mtoto aperuzi peke yake. Na kurasa unazofikishwa si zote zilizo timamu. Baadhi zimebaki na fremu tupu pale palipokuwa na picha, viungo vyake vya ndani vinaishia ukutani, na muziki uliokuwa ukijipiga wenyewe mgeni alipoingia mara nyingi umenyamaza. Hili la mwisho silihesabu kuwa kasoro.

Ushauri wa matumizi nilioupata kwa kukosea ni huu: usiikuze picha. Nyingi ni ndogo mno kwa skrini za leo, na ukiivuta kidogo tu kingo zake zinakuwa ngazi za matofali. Tena ni afadhali kutuma kiungo cha ukurasa kuliko picha yenyewe, kwa maana programu nyingi za ujumbe huigeuza GIF kuwa video fupi, na pale palipokuwa na uwazi panajazwa rangi moja, hata malaika aliyekuwa akielea juu ya nyota anafika kwa mwenzako akiwa amefungiwa ndani ya boksi jeusi. Toleo jipya lina pia kadi zinazoitwa GifGram, ambazo unaweza kuzipamba kwa picha hizo na kumtumia mtu. Nilitengeneza moja ya siku ya kuzaliwa, ikawa mbaya kwa namna niliyoikusudia.

Kwa kipimo changu, mtu anayetaka picha safi za kupamba kazi zake za leo asihangaike na mtambo huu, na anayependa kuchimbua chanzo cha kila kituko aufungue akiwa hana miadi. Wiki iliyopita nilimtumia mdogo wangu kiungo cha ukurasa mmoja wa mtaa wa Area51, wenye aya mbili juu ya viumbe wa angani na yule mchimbaji chini yake, bila kumwandikia neno lolote la utangulizi. Hakujibu kwa saa nzima, nikadhani ameupuuza. Kumbe alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, na alipokuja kuandika alikuwa na swali moja tu: "Kaka, huyu kibarua mbona hamalizi? Analipwa kwa siku nini?"