Miezi saba baada ya kufuta Facebook: uzoefu wangu wa kujitoa mitandaoni nusu nusu

Kazi ya uhasibu imenizoesha kutoamini hesabu yoyote ambayo haijaandikwa. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia, jioni moja nyumbani kwetu hapa Tanga, kwamba simu imenimeza, nami nikamjibu kwamba naishika nusu saa tu kabla ya kulala, alinijibu kwa maneno ambayo sikuweza kuyapinga: "Basi iandike, baba watoto." Nikaiandika. Simu nyingi za siku hizi zina sehemu ndani ya mipangilio inayoonyesha muda ambao kila programu imetumika kwa siku, nami kwa wiki mbili nilinakili takwimu hizo kila usiku kwenye daftari. Wastani ulikuja hivi: Facebook saa 2 na dakika 10, WhatsApp saa 1 na nusu, Instagram dakika 50. Jumla ni saa 4 na nusu kwa siku, yaani saa 135 kwa mwezi wa siku 30, ambazo ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa 8 unapata karibu siku 17 za kazi. Bando nalo lilikuwa likinigharimu shilingi 8,000 kwa wiki, sawa na shilingi 416,000 kwa mwaka. Mteja wangu angeniletea matumizi ya namna hiyo bila stakabadhi, ningemrudishia jalada lake.

Hata hivyo sikufuta kitu siku ile. Nilitumia karibu miezi miwili nikijiuliza, na naona ni vyema nieleze kilichonichelewesha, kwa sababu ushauri mwingi kuhusu jambo hili unadhani kwamba mtu hubaki mitandaoni kwa kupenda starehe tu.

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita, na kwetu Afrika Mashariki ilikuwa kuanzia magharibi hadi baada ya usiku wa manane. Nakumbuka niliwasha na kuzima simu mara kadhaa nikidhani bando limekwisha, kisha nikakata tamaa na kwenda kukaa barazani kwa jirani, ambako kulikuwa na kahawa, kashata na mabishano marefu kuhusu bei ya korosho. Tangu jioni ile nilikuwa nikijua moyoni kwamba naweza kuishi bila mitandao na hata kufurahi. Lakini jioni hiyo hiyo mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mpwa wangu alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu, jasho likimtiririka, akiuliza kama kikao cha kesho yake bado kipo, maana taarifa zote za kamati, pamoja na orodha ya waliotoa michango na walioahidi tu, zilikuwa ndani ya kundi la WhatsApp. Mambo haya mawili ndiyo yaliyokuwa yakivutana ndani yangu, na hadi leo hayajapatana kabisa.

Nilianza na Facebook kwa sababu ndiyo iliyokuwa na deni kubwa zaidi katika daftari. Gazeti nikilifikisha ukurasa wa michezo nalikunja na kuliweka mezani, kwa sababu limekwisha. Ukurasa wa Facebook hauna mwisho wa kuufikia. Mbinu hiyo ya kurasa zinazojiongeza zenyewe kila unaposogeza kidole ilibuniwa mwaka 2006 na mbunifu wa Kimarekani, Aza Raskin, ambaye baadaye alisema hadharani kwamba anaijutia. Niliposoma habari hiyo nilipata nafuu kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimejihesabu mtu dhaifu kwa kushindwa kuacha kitu ambacho kimetengenezwa makusudi kisiwe na mahali pa kuachia.

Mtu anayefikiria kufuta akaunti yake ajue kwamba kuzima na kufuta ni vitu viwili tofauti. Ukizima, ukurasa wako unafichwa na wenzako hawauoni, lakini kila kitu kinakungoja, na siku ukiingia tena unakuta kila kitu mahali pake kama chumba cha mtoto aliyekwenda bweni. Ukifuta, unapewa siku 30 za kubadili mawazo, na ukiingia ndani ya siku hizo unaweza kusitisha ufutaji. Zikipita, huwezi kurudi, ingawa kampuni yenyewe inaeleza kwamba kuondoa kila kitu kwenye mitambo yake kunaweza kuchukua hadi siku 90. Kabla ya kubonyeza nilifanya mambo matatu ambayo namshauri kila mtu ayafanye. Kwanza niliomba nakala ya taarifa zangu zote, nikapata picha za miaka kumi na mitano, zikiwemo za marehemu baba yangu ambazo sikuwa nazo mahali pengine popote. Pili nilipitia tovuti na programu nilizokuwa nikiingia kwa kutumia akaunti ya Facebook, nikaziwekea barua pepe na nenosiri jipya, kwani akaunti ikiondoka mlango huo nao unafungwa. Tatu nilimkabidhi mwenzangu uongozi wa ukurasa wa timu yetu ya mtaa, kwa sababu ukurasa unaoongozwa na mtu mmoja peke yake hufutwa pamoja naye.

Siku zile 30 zilikuwa ngumu kwa namna nisiyoitarajia. Sikuwa na hamu ya kujua habari za mtu yeyote. Kilichonisumbua ni kidole gumba, ambacho kwenye foleni ya benki au ndani ya daladala kilikwenda chenyewe hadi pale ilipokuwa programu, kikakuta patupu, kikarudi. Siku ya kumi na mbili nilijikuta nimefungua kikokotoo, kwa sababu ndicho kilichokuwa kimesogea mahali hapo. Wiki ya tatu hali hiyo ilipungua, na siku ya thelathini ilipita bila mimi kukumbuka kwamba ndiyo yenyewe.

Instagram sina mengi ya kuieleza. Niliizima tu, sikuifuta, na mtumiaji ajue kwamba kuzima huko kunaruhusiwa mara moja kwa wiki, kwa hiyo haifai kwa mtu mwenye tabia ya kuzima asubuhi na kuwasha jioni. Sababu ya kutoifuta ni mke wangu, ambaye anaoka keki za sherehe nyumbani na hupata wateja wake wengi kupitia picha anazoziweka huko na kwenye status ya WhatsApp, na mara nyingine huniomba nimsaidie kujibu maswali ya bei. Kwake yeye, kujitoa mitandaoni ni kufunga duka. Saa anazotumia huko zina mapato yanayoonekana kwenye daftari, tena daftari hilo naliandika mimi mwenyewe, kwa hiyo sina la kumwambia.

Gharama ya uamuzi wangu niliijua sokoni Ngamiani, mwezi wa tatu baada ya kufuta. Nilikutana na mjane wa mtu niliyefanya naye kazi kwa miaka sita, tukiketi meza moja na kula mlo mmoja wa mchana, hadi mwenzangu huyo alipohamishiwa Muheza. Mjane alinisalimu vizuri, akaniuliza hali ya watoto, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, hatukukuona." Mwenzangu alikuwa amefariki wiki tatu kabla. Tangazo la msiba lilikuwa limewekwa kwenye kundi la Facebook la wafanyakazi wa zamani, kila mmoja akaamini kwamba mwenzake ameliona, na kwa kuwa kwetu Waislamu maiti haikai, alizikwa alasiri ya siku ile ile. Zamani tanzia zilisomwa redioni, ndugu wa mbali akasikia akiwa shambani. Siku hizi familia yenye msiba inaandika mara moja mtandaoni na kuona imekwisha kuarifu ulimwengu, wala siilaumu, maana nani ana nguvu ya kupiga simu mia mbili siku kama hiyo? Nilimpa mkono wa pole pale pale kati ya mafungu ya nyanya, nikaenda nyumbani kwake siku iliyofuata, lakini hitima nayo ilikuwa imeshasomwa.

Baada ya siku hiyo nilifikiria kurudi Facebook, na nilikaribia sana kufungua akaunti mpya. Kilichonizuia ni hesabu tena: katika saa 2 na dakika 10 nilizokuwa nikizitumia huko kila siku, habari za aina ile zilikuwa labda dakika moja kwa mwezi. Ilinibidi nitafute njia nyingine ya kuipata hiyo dakika moja.

WhatsApp nimebaki nayo, lakini si kama nilivyokuwa. Nilikuwa kwenye makundi 23, nikatoka kwenye 9. Kwetu kutoka kwenye kundi ni kama kuinuka kwenye sinia la watu kabla hujanawa mkono. Lazima mtu aulize una nini. Tangu mwaka 2022 WhatsApp humwarifu admini peke yake mtu anapotoka, na wengine hawatangaziwi, ingawa anayetaka kuchunguza bado anaweza kufungua orodha ya waliotoka ndani ya siku 60 zilizopita. Mimi sikutaka kutegemea kificho hicho. Nilimpigia simu kila admini kabla ya kutoka, na mmoja wao, mtu wa makamo kama mimi, aliniuliza, "Kaka, kwani tumekukosea nini?" Ilinichukua dakika ishirini kumweleza, na sina hakika kama aliridhika.

Makundi 14 yaliyobaki, mengi yakiwa ya ukoo, shule ya watoto, msikiti na kamati za harusi, niliyanyamazisha kwa chaguo la daima, nikawa nayafungua mara mbili kwa siku, baada ya chakula cha mchana na baada ya swala ya isha. Nilizima pia upakuaji wa video na picha unaojiendesha wenyewe, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningejua, kwa sababu miezi miwili ya mwanzo bando langu lilikuwa limepungua kidogo tu na sikuelewa kwa nini. Sasa natumia shilingi 5,000 kwa wiki. Muda wa simu umeshuka hadi saa 1 na dakika 40 kwa siku. Sitadai kwamba saa zote nilizookoa zimekwenda kwenye mambo ya maana; sehemu yake imehamia kwenye mpira wa redioni, na mke wangu ameanza kuulalamikia huo nao.

Kwa msomaji anayepima jambo hili, alama yangu kwa kufuta Facebook ni nne kati ya tano, na hiyo moja niliyopunguza ni ya yule mwenzangu wa Muheza. Kwa WhatsApp, kwa mtu mwenye ukoo mpana na michango isiyokwisha, sipendekezi kujitoa kabisa, labda awe tayari kuwa mgeni katika shughuli za watu wake.

Njia niliyoipata ya misiba ni ya kizamani. Nilichagua watu watatu, mmoja wa upande wa mama, mmoja wa kazini kwa zamani na mmoja wa mtaani, nikawaomba kwamba likitokea jambo wanipigie simu hata kama wameliona limetangazwa kila mahali. Wiki iliyopita yule wa mtaani alipiga saa kumi na moja alfajiri. Nilivaa kanzu, nikatoka kabla ya jua, na nilipofika vijana walikuwa bado wanashusha turubai kwenye toroli, nikashika upande mmoja wa nguzo.